Zamu ya Maji ya Mshitu

Mshitu hakuna nyumba hata moja, lakini kila Alhamisi maji ya ndiva ni ya Mshitu. Ndivyo nilivyokuta mwezi uliopita nilipopanda kutoka Same kwenda kuangalia shamba la bibi, na wewe uliyekulia tambarare huenda ukadhani nakutania. Ngoja nikueleze.

Mto wetu hushuka kwa kelele, kisha hutulia penye mawe mapana. Zamani kandokando yake palikuwa na vitongoji vitatu. Mkuyuni kulikuwa juu, penye chemchemi. Kivukoni kulikuwa katikati, penye gogo la kuvukia. Sisi wa Mshitu tulikuwa ng'ambo, chini ya kijisitu cha matambiko ambamo hakuna aliyethubutu kukata hata ufito. Juu ya vyote palikuwa na ndiva, bwawa la udongo lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Kila kitongoji kilikuwa na mfereji wake na siku zake.

Haki ya maji ilitokana na msaragambo, kazi ya pamoja. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba ilitoa mtu wa kuzibua mfereji. Nyumba isiyotoa mtu ilinyang'anywa chungu, na makande ya siku hiyo yakapikwa katika chungu cha kuazima, jirani wakichungulia. "Maji hayamjui mwenye shamba," bibi alizoea kusema, "yanamjua mwenye jembe." Nilimfuata na kikapu cha viazi vya kuchoma, matope baridi yakinipanda hadi magotini.

Kisha vikaja vijiji vya Ujamaa. Tuliteremshwa wote hadi kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati. Yalikuwapo mema: shule ikawa karibu, na bibi akajifunza kusoma. Lakini mashamba yalibaki juu, na maharage ya bibi kule Mshitu yalikuwa yanatoa maua. Yakikosa maji wakati huo, mwaka mzima tungekula mahindi matupu.

Ndipo mwenyekiti wa kijiji alipotangaza mkutanoni kwamba maji yatagawanywa kwa mistari ya nyumba. Bibi alisimama.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti alimwahi.

"Marahaba, mwanangu. Mstari wetu una watu wa vitongoji vyote. Maji ya siku moja yakipita mifereji mitatu, ya ng'ambo yatafika lini?"

"Mama, Mshitu haipo tena. Siku hizi kuna mistari."

"Haipo? Na wewe ulizaliwa mstari wa ngapi?"

Watu walicheka, na mwenyekiti akacheka pia, maana bibi ndiye aliyemzalisha mama yake, hukohuko Mshitu.

"Haya," akasema. "Vitongoji vishike siku zao za zamani mpaka maharage yavunwe. Ila msaragambo msikose."

"Tulikosa lini?" akauliza jirani yetu. "Au kuna chungu chetu kwako?"

Pembe ilipolia, wanawake wa Mshitu walitoka katika kila mstari, wakakutana njiani, wakapanda wakitaniana. Maharage yalikomaa. Tulivuna, tukavuna tena mwaka uliofuata, na hakuna mkutano uliorudi kuligusa jambo lile.

Sasa gogo la Kivukoni limekuwa daraja la saruji, na pembe imekuwa ujumbe wa simu. Wazaliwa wa Mshitu tumetawanyika Same, Moshi na Dar es Salaam. Hata hivyo nilikuta mfereji wetu ni safi. Anayeuzibua ni mzee mmoja aliyekuja zamani kutoka Singida kukata mkonge bondeni, akaoa kijijini kwetu, akanunua shamba linalopakana na la bibi. Huuzibua peke yake.

Mwaka huu ameiomba kamati ya maji imtambue kuwa mtu wa Mshitu, ili amwagilie kwa haki, si kwa hisani. Kamati imetuuliza sisi wazaliwa kwa simu. Mimi nimekubali. Wengine wamekataa, wakisema kitongoji ni ukoo, ilhali wao wenyewe hawajashika jembe pale tangu bibi azikwe. Mpaka nashuka Same, kamati ilikuwa haijaamua, na mzee alikuwa mferejini.