Buluu Chini ya Mpini

Kila nikitia mafuta kwenye cherehani, harufu yake hunirudisha barazani kwa bibi, Tanga. Mdogo wake, aliyekuwa fundi wa bunduki, alipewa bastola kongwe ya baba yao aisafishe, akamrudishia ikiwa nyeusi tii, inang'aa kwa mafuta. Bibi akaamini amebadilishiwa. Wakawa hawasemezani.

“Mama, tuifungue kwanza,” alisema shangazi. Akalegeza skrubu, akatoa mbao za mpini. Huko rangi ya fundi haikufika. Chuma kilikuwa na buluu yake ya asili, iliyofifia kama shingo ya njiwa.

Bibi aliigusa kwa kidole, akashusha pumzi. “Ndiyo buluu ya baba hii. Kapaka juu tu, masikini.”

Akatoka vile vile, bila viatu, kwenda kumwita mdogo wake aje kula.