Ukurasa wa Kushindwa

Nina mashine ya fotokopi katika kibanda mtaani Kasuku, upande wa soko, na kwa sababu yake nimekuwa hakimu wa vitabu ambavyo sikujua kama vipo duniani. Vijana wa mtaa wetu wana mchezo wa kusimulia. Wanaizunguka meza, mmoja wao anaeleza mahali walipo na kilicho mbele yao. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo atafanya nini, kisha anarusha dadu kuona kama imewezekana. Kitabu cha mchezo ni kimoja, lakini watu wa nchi mbalimbali wanaandika vitabu vya nyongeza, vyenye safari mpya na sheria mpya, wanaviuza kwenye mtandao. Vijana wananiletea ndani ya telefone, nivitoe kwenye karatasi.

Karatasi hapa Kindu, mashariki ya Kongo, si kitu cha kuchezea. Ndiyo maana nilianza kuvisoma kabla ya kuvitoa. Shule yangu ilikatika wakati wa vita na Kifaransa changu kinatembea polepole, lakini kinafika. Nikiona kitabu hakifai, nawaambia hakifai. Vingi ni rangi tu. Kimoja kilikuwa na ngome kila baada ya kurasa mbili, na hakuna pahali palipoandikwa watu wa ngome wanakula nini. Kingine kilikuwa na majina ya vijiji mistari na mistari, na ndani ya vijiji hivyo hakuna hata mtu mmoja mwenye shida yake.

Mimi nafungua kwanza ukurasa unaosema nini kinatokea dadu ikikataa. Hapo ndipo mwandishi anapojulikana. Aliye mvivu anaandika: umekufa, tengeneza mtu mwingine. Vijana wanauita ukurasa wa Yaya, maana mimi wananiita Yaya, dada mkubwa. Wanadhani nimejifunza kwa kusoma vingi. Nilijifunza kwa kaka yangu.

Wakati ule treni ilikuwa imeacha kuja na mji umefungwa pande zote. Chumvi iliisha. Wavulana hawakutoka nje ovyo, kwa sababu kila mwenye bunduki alikuwa na mzigo, na mzigo ulitaka kichwa cha kuubeba. Basi mchana walijifungia katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu, kaka yangu na mtoto wa jirani aliyelingana naye, na mimi mdogo wao nikiwaganda. Hatukuwa na kitabu wala dadu. Kaka alikusanya vifuniko vya chupa za bia. Ukivirusha na vingi vikaanguka mdomo juu, umepita. Vingi vikiangukia mdomo, njia imekataa.

Mchezo aliuita Kwenda Chumvi. Tuliifuata reli mpaka Kibombo, mji wa kusini yetu, bila kutoka kwenye mkeka. Yeye alikuwa Mwenye Njia, sisi wasafiri.

"Umefika kwenye daraja," alimwambia mtoto wa jirani. "Mbao zimeng'olewa. Ng'ambo kuna moshi. Unafanya nini?"

"Ninapita."

"Unapita na nini? Na mabawa?"

"Ninapita na kichwa ngumu."

"Ee, hiyo uko nayo tele. Rusha."

Akarusha, ikakataa. Akarusha tena na tena, ikakataa.

"Basi nimekufa," akasema, akataka kuanza upya na mtu mwingine.

"Nani alikuona umekufa?" kaka akamuuliza. "Sisi tuko huku, weye uko ng'ambo. Hujarudi. Njo hivyo tu. Nenda kaa ukutani."

Hiyo ikawa sheria. Ilitoka mtaani kwetu, maana siku zile mtu aliyekwenda shambani asionekane tena, watu hawakumwita maiti. Walisema: hajarudi. Katika mchezo, ambaye hajarudi alikaa ameegemea ukuta, mdomo umefungwa, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kuingia mahali pake. Waliobaki njiani walichagua: kuendelea mpaka kwenye chumvi, au kurudi nyuma kumtafuta. Mtoto wa jirani aliuchukia ukuta ule. Alikuwa akikohoa makusudi ili tumkumbuke.

Halafu maneno yakaja kwamba Kibombo chumvi imefika kweli. Mama alitoa vitenge vyake viwili vizuri vya kubadilishana. Kaka alivifunga kwenye baiskeli, akajiunga na watu waliokuwa wakifuata reli. Nilimkimbilia mlangoni na vifuniko mkononi.

"Hurushi kwanza?"

"Leo narusha miguu," alisema.

Hajarudi. Wale aliokwenda nao walirudi mmoja mmoja, kwa njia za porini. Walisema walisikia risasi, kila mtu akakimbilia upande wake, na hakuna aliyemwona ameanguka. Wazee wa msikiti walikuja kwa mama, kwa upole, kuuliza kama asomewe hitma. Mama alisema hawezi kusoma hitma ya mtu ambaye hakuna aliyemwona amelala. Hawakuuliza tena. Mpaka leo nyumbani kwetu neno marehemu halijawahi kukaa karibu na jina lake. Mimi naomboleza hivyo hivyo, bila hitma, kwa kunyamaza. Mtoto wa jirani na wazazi wake waliondoka Kindu vita vilipotulia, wakaenda mbali, ng'ambo ya bahari.

Mwaka huu, siku moja kabla ya jua kuwa kali, kijana mmoja wa wale wachezaji aliniletea telefone yake.

"Yaya, angalia. Hii iko na Kiswahili."

Sikuwahi kuona kitabu cha nyongeza cha Kiswahili. Kilikuwa kimeandikwa juu: Kwenda Chumvi. Chini yake jina la mwandishi. Lilikuwa jina la yule mtoto wa jirani.

Kwa mara ya kwanza sikuanza na ukurasa wangu. Nilianza mwanzo, kama msomaji wa kawaida, na nasema kweli, kitabu ni kizuri. Reli ni yenyewe, nyasi zimeota katikati. Daraja lipo, na moshi wa ng'ambo. Kuna mama anayeuza maji ya kunywa kwa wanaopita na ambaye hataki kusema ameona nini, na ukisoma unamjua. Kila kijiji kina shida yake. Mwenye Njia amefundishwa kuuliza: unafanya nini? Palipoandikwa kwamba mwenye kichwa ngumu anaongezewa kifuniko kimoja, nilicheka peke yangu ndani ya kibanda.

Ndipo nikafungua ukurasa wa kushindwa. Ulisema: vifuniko vikikataa mara tatu, mtu wako amekufa. Tengeneza mwingine, aingie kwenye kituo kinachofuata.

Na mwisho wa kitabu, peke yake katikati ya karatasi nyeupe: Kwa rafiki yangu marehemu, aliyetuonyesha njia.

Nilizima mashine. Mteja alikuwa amesimama na cheti cha mtoto wake, nikamwambia arudi kesho, leo nina hasira. Alinitazama, akakunja cheti chake, akaondoka. Mimi si mtu wa kelele. Lakini siku ile nilifunga kibanda mapema. Aliyeandika hivyo si mgeni aliyeikuta Kongo kwenye ramani. Ni mtu aliyekaa kwenye ukuta wetu.

Nyumbani hatufichani. Nilimsomea mama kurasa zile mbili, nikitegemea atalia. Hakulia. Alisema, "Namba yake iko wapi?" Tuliipata kwa shangazi yake anayeuza mchele sokoni. Mama alishika telefone karibu na mdomo kama anayeitafuna, akairekodi sauti yake:

"Mwanangu, nimesikia umemwita mtoto wangu marehemu. Umemzika wapi? Nionyeshe pahali, nije nimsomee hitma."

Akanirudishia telefone, akaendelea kuchagua mchele wake.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. Sauti ilikuwa nene, ya mtu mzima, lakini kukohoa kulikuwa kule kule.

"Mama, salam aleikum. Sina pahali nilipomzika. Nisamehe hilo neno, nitalitoa."

Kisha ikaja ya pili, iliyotumwa kwangu.

"Mudogo wangu, sheria ya hajarudi niliiweka. Mwanzoni ilikuwepo. Watu walionisaidia kuujaribu mchezo walikaa siku nzima wakimtafuta mtu mmoja. Kibombo hawakufika. Waliandika kwamba mchezo hauishi, wakatoa nyota moja tu kati ya tano. Shangazi anasema weye njo unawasomea vijana vitabu hivi. Sema kweli. Kingekuwa cha mtu mwingine, ungesema nini?"

Niliisikiliza sauti ile mara nyingi, nikitafuta mahali pa kuishika. Sikupata. Kingekuwa cha mtu mwingine ningewaambia vijana kwamba sheria ina kasoro, safari inakwama, msitoe karatasi zenu. Hasira yangu iliongezeka hapo, kwa sababu mtu anayekukosea huku akisema kweli hakuachii hata mlango wa kumtukana. Nilimjibu: "Ningesema sheria ina kasoro." Nikaongeza: "Na weye ulikaa ukutani."

Alijibu kwa maneno matatu tu: "Niliuchukia sana, mudogo." Namwamini. Alitoka Kindu, akaoa, akapata kazi na watoto. Aliingia kwenye kituo kinachofuata, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa hilo, lakini mimi namlaumu.

Vijana walikuwa wanangoja hukumu.

"Yaya, tutoe au tusitoe?"

"Tutoe. Katika vyote mlivyoleta hakuna kinachokishinda."

"Mbona umekunja uso hivyo?"

"Uso ni wangu. Kurasa mbili sitoi. Ule wa mwisho, na ule wa kushindwa."

"Sasa mtu akishindwa, tutafanya nini?"

Nikawaambia. Hajafa, hajarudi. Akae ukutani, asiseme. Hakuna mtu mwingine wa kuingia mahali pake. Waliobaki wachague. Sikuwaambia ilikotoka, na hawakuuliza.

Walicheza Jumamosi, kwenye meza mbele ya kibanda changu. Nilikuwa nafanya kazi na kusikiliza. Walipofika kwenye daraja, yule kijana aliyeniletea kitabu alirusha, ikakataa mara zote tatu. Wenzake walimcheka, wakamsukuma akae chini, mgongo kwenye ukuta wa mbao. Walipiga hatua moja mbele kuelekea Kibombo, kisha mmoja akasema hapana, hatuwezi kumwacha. Wakarudi. Walitafuta chini ya daraja. Waliwauliza watu wa kijiji cha ng'ambo, wakamuuliza yule mama wa maji. Wakarusha, wakapata kipande cha nguo ambacho kingeweza kuwa chake au cha mwingine. Wakagombana, waendelee au watafute. Wakatafuta. Jua liliuacha mto nyuma, wateja wangu wakaja wakaenda, na chumvi walikuwa wameisahau.

Mwishowe kiongozi wao akaweka vifuniko chini, akanigeukia akiwa amechoka kweli.

"Yaya, hii sheria ni mbaya. Mchezo hauishi."

"Najua," nikasema.

Yule wa ukutani alikohoa.

"Rusheni tena," nikawaambia.