Nukta Mbili za Ramli

Aliyeniingiza kwenye chumba kile cha maktaba ni dada mmoja wa Moshi, mtunzaji wa maandishi ya kale hapa Stockholm. Mimi nilikuwa napakia mizigo kwenye ghala la Jordbro, baada ya kazi nyingi nilizozianza na kuziacha. Shule nayo niliiachia darasa la sita. Lakini aliponisimulia habari za kitabu cha Kiebrania kilichoandikwa kwa mkono, mwanzo maadili, katikati falsafa, mwisho ramli, sikutulia tena. Babu yangu alipiga ramli kwenye mchanga. Nilitaka kuona kama nukta zao ni zile zile.

Dada akamwomba bosi wake, akanidhamini.

"Osha mikono kwanza, kaka," akaniambia.

Nikaenda chooni. Tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani, maalimu hakuruhusu mtu aguse maandiko bila udhu. Nikasukutua, nikaosha uso, mikono mpaka viwikoni, nikapandisha miguu kwenye sinki mmoja mmoja. Mswidi mmoja akaingia, akanitazama, akatoka.

Kitabu kilikuwa kimelazwa juu ya mto. Dada akafunua kurasa za ramli. Zile zile! Nukta moja, nukta mbili, safu nne kwenda chini, kama vidole vya babu vilivyokuwa vikichoma mchanga. Nikainama nizione vizuri, na tone likadondoka kutoka kwenye ndevu zangu.

"Wewe! Nimesema uoshe mikono, umekwenda kuoga?"

"Nimetia udhu, dada. Si maandishi matakatifu?"

"Matakatifu gani? Hapa watu walikuwa wanauliza wasafiri au wasisafiri! Rudi nyuma!"

Alinyonya maji kwa karatasi. Nukta mbili zilikuwa zimevimba zikawa moja. Kwenye ramli hilo tayari ni umbo jingine, lenye jibu jingine.

Bosi akaja. Dada akamwambia kwa Kiswidi, "Kosa ni langu. Sikumwambia ajikaushe."

Nami nilisimama pale na soksi mbichi. Kiswidi cha kusema "ni mimi" ninacho, na cha ziada. Sikukitoa.

Siku hizi haruhusiwi kuingiza mgeni. Tukikutana kwenye sherehe za wenzetu kule Rissne, ananipakulia pilau na kuuliza kwa sauti, "Kaka, umeshakauka?" Watu wanacheka, nami nacheka. Kisha sahani naiacha nusu, natafuta koti langu.