Maji ya Nyumba Nane

Mimi ni mtu wa mdomo. Mke wangu husema hata nikienda kulala, mdomo unabaki sebuleni ukiongea. Siku mimi na wenzangu wa idara ya afya tulipoweka kihisi kwenye chemba ya maji taka ya ploti moja hapa Kitale, mdomo huo ulinitoka vibaya, na karibu uue mtu.

Kihisi chenyewe ni kimashine kidogo. Kinaning'inia ndani ya chemba ambamo vyoo vya nyumba zote nane za ploti humwaga maji. Kinapima joto, chumvi na wingi wa maji, kisha kinatuma habari kwa simu yangu. Maji yakibadilika ghafla, tunachota chupa moja tunaipeleka maabara Bungoma, waangalie kama kuna kipindupindu kabla watu hawajaanza kuanguka. Ni hivyo tu. Hakina macho wala hakijui jina la mtu.

Lakini wapangaji walipokusanyika uani kuuliza, nilijifanya mtaalamu. "Hiki kitu hakifichwi kitu, bana," nikasema. "Tumbo likimwendesha mtu hapa mara tatu, mimi nitajua nikiwa kwangu nakunywa chai." Walicheka sana, nami nikavimba kichwa. Sikufikiria pazia la nyumba ya mwisho, alikokuwa akiishi mama mkwe wangu pamoja na mwanawe, dereva wa lori la Lodwar.

Kwetu Kimilili nilikokulia, mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kumtazama yule mama usoni. Salamu zake zilinifikia kupitia mke wangu, mara nyingine pamoja na kuku.

Wiki chache baadaye, siku ya Jumatatu, simu ikaniambia maji ya ile ploti yamebadilika. Tukachota, tukapeleka Bungoma, na kesho yake jibu likarudi: kipindupindu. Nikaenda na dawa ya maji na pakiti za chumvi na sukari, nikagonga mlango baada ya mlango nikiuliza nani anaumwa tumbo. Wote walisema wako sawa. Mlango wa nane sikuugonga. Ningemuulizaje mama mkwe habari za choo? Nilisimama kando ya tangi la maji nikamtuma mama jirani. Akarudi haraka. "Anasema yuko sawa, ati kichwa tu." Nikaandika "sawa" kwenye fomu, nikashukuru Mungu, nikaondoka.

Jumatano maji yakatulia. Chumvi ilishuka, kila kitu kikawa kama zamani. Nilimpigia mkubwa wangu nikajisifu kwamba tumeudhibiti ugonjwa. Ole wangu!

Alhamisi asubuhi yule mama jirani akanipigia kutoka Kamukuywa, alikokwenda sokoni. "Mkwe, kwani kimashine chako hakikuambii? Mama yako hatumii choo. Nilimwona alfajiri akibeba ndoo kwenda kumwaga kule kwa migomba, akiyumba. Nimefikiria tena, nikaona nisinyamaze."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji hayakuwa yametulia kwa sababu watu wamepona. Yalitulia kwa sababu mgonjwa alikuwa ameyakwepa. Mke wangu anafundisha Bungoma, shemeji alikuwa njiani na lori lake. Nilibaki mimi, mtu pekee duniani asiyefaa kuingia mle ndani.

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeupa mgongo. "Mama, ni mimi. Sikuangalii." Nikaita tena, kisha nikasukuma mlango. Alikuwa sakafuni kando ya kitanda, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Aliponiona alivuta leso akajifunika uso. "Toka, mkwe," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Toka, tafadhali."

Sikutoka. Nilikoroga pakiti ya chumvi na sukari kwenye kikombe, nikamnywesha kidogo kidogo huku nikitazama ukuta. Kisha nikambeba. Alikuwa mwepesi mno, na hilo liliniuma kuliko kitu kingine. Nikamlaza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ya kazi, na tukiwa njiani kwenda hospitali akaniambia kwa nini.

"Ulisema utaniona ukinywa chai," alisema. "Nikaona, afadhali nife kuliko mkwe wangu anione chooni."

Nililia huku naendesha gari.

Alitundikiwa maji siku tatu. Mke wangu alifika kutoka Bungoma siku hiyo hiyo, na hakuniuliza habari za vihisi. "Ulimwambia mama yangu unamwona chooni?" Mdomo uliniponza, nami nilikubali kila neno aliloniambia, na yalikuwa mengi.

Mama aliporudi nyumbani, nilikusanya wapangaji tena palepale uani. Nikakiri mbele yao kwamba nilisema uongo ili nicheke nao. "Kimashine hiki hakijui mtu. Nyumba nane zikipika chai sufuria moja, utajuaje nani alizidisha sukari?" Safari hii hakuna aliyecheka. Pazia la nyumba ya mwisho lilikuwa limefungwa, lakini niliongea kwa sauti ili nisikike huko.

Jioni mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akaketi karibu nami akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma. "Mama anasema uambiwe ameanza kutumia choo tena," akasema. "Na ukiona kitu kwa simu yako, anasema usitume jirani kuuliza. Uje mwenyewe."