Nilimnyima Mume Wangu Sukari

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Mume wangu amekufa kwa mkono wangu huu huu uliokuwa unampikia.

Alikuwa karani wa reli hapa Kindu. Ugonjwa wa sukari ulimkondesha akabaki mifupa, na kila asubuhi alikwenda hospitali ili masera, yule mtawa wa Kizungu, amdunge sindano. Masera aliniambia mimi mwenyewe kwamba sukari kwake ni mwiko.

Sindano peke yake sikuiamini. Kwetu, kule kijijini Kama, mama yangu aliwatibu wagonjwa kama hao kwa majani machungu. Lakini ningeyachemsha vipi? Mume wangu alikuwa ameomba kadi ya evolue, ile ya kuhesabiwa mstaarabu, na Wabelgiji waliingia mpaka jikoni kukagua kama tumeacha "dawa za kishenzi". Yeye mwenyewe asingekubali kunywa. Basi nikayatwanga pamoja na sombe, yale majani ya muhogo tunayopika mboga. Akala, akilalamika tu kwamba sombe imekuwa chungu. Nikacheka! Mjinga mimi!

Na yalifanya kazi, ndiyo balaa lenyewe. Kiu ikapungua, nguvu zikarudi. Nikaongeza majani.

Mchana mmoja akarudi kutoka kazini shati limelowa jasho, anatetemeka.

"Muke wangu, unipatie sukari. Kidogo tu."

"Hapana, baba. Sukari njo inakuua!"

"Mwili njo unaiomba. Iko wapi?"

Nikafunga kabati. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake marehemu, kisha akaanguka. Nilimmwagia maji, nikapiga kelele, majirani wakambeba mbio. Hakufika hospitali.

Masera aliniuliza alikula nini. Nikasema sombe, basi. Akaniambia sukari ya mwilini ilishuka kupita kiasi, kijiko cha sukari kingemrudisha. Kijiko, jamani! Kisha akalia, akidhani amekosea kipimo cha sindano. Nami nikanyamaza, kwa kuogopa jela. Sasa amehamishwa, sijui wapi, na sina njia ya kumfikia nimwambie kosa halikuwa lake.

Wewe mwenye mgonjwa, kama unampa majani, mwambie anayemdunga sindano, hata akikuita mshenzi. Na akitetemeka, akikuomba kitu kitamu, mpe! Wangu aliniomba kwa upole, ndani ya nyumba yake mwenyewe, nikajiona mke mwema kwa kumkatalia.