Sura ya Mama Kwenye Ukuta wa Mwalimu Okochi

Nakumbuka asubuhi moja kule Mundika, nje kidogo ya mji wa Busia, nilipowapigia kelele wanawake wa matangani kama mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa msichana, nimemaliza shule majuzi tu, na Mwalimu Okochi alikuwa amelazwa sandukuni uani akingoja kuzikwa kesho yake. Ngoja nikueleze, mwanangu, maana wewe hukumjua, na mtu kama yule si haki umsikie kwa jina tu.

Alikuwa mwalimu wetu na alikuwa mchoraji. Hesabu alifundisha, Kiswahili alifundisha, lakini saa ya kuchora ikifika alivua koti, akakunja mikono ya shati, akawa mtu mwingine kabisa. Rangi za dukani hatukuwa nazo. Tulichora kwa makaa, majivu, chokaa na ule udongo mwekundu wa kwetu Bukhayo. Jumamosi alipanda baiskeli mpaka Malaba kutazama tu malori na gari moshi likivuka kwenda Uganda, na Jumatatu tuliliona lote ubaoni, mpaka mama aliyechungulia dirishani na kuku wake kwapani. Mjini Busia aliwachorea wenye maduka. Mzee mmoja Mwislamu, muuza vitambaa, alimwambia hataki sura ya kiumbe mlangoni pake. Mwalimu hakubishana, akamchorea cherehani nzuri hata wateja walikuwa wakiigusa. Hakuwa malaika, usidhani. Alikuwa na hasira za haraka, na kanisani aliimba vibaya kwa sauti kubwa. Tulimpenda hivyo hivyo.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa sebuleni kwake. Nyumba ilikuwa ya udongo, na kuta zote za ndani zilijaa watu wa soko la Busia: kinyozi, wachuuzi wa samaki, vijana wa baiskeli. Kati yao alikuwa mama yangu. Mama aliuza njugu sokoni humo, akafa nikiwa mdogo, bila kupigwa picha hata moja. Nyinyi siku hizi mnapiga picha hata sahani ya chipsi kabla ya kuila; sisi, mtu alipokufa alikwenda na sura yake. Kwa hiyo nilipomkumbuka mama nilikwenda kwa Mwalimu, nikakaa kigodani mbele ya ukuta ule, nikamtazama.

Kila Krismasi ilipokaribia mke wake, Mama Nerima, aliisiriba nyumba upya kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na michoro yote ikafunikwa. Mwalimu alicheka tu. Ukuta ulipokauka alichora tena kutoka kichwani, na mama yangu akarudi na njugu zake. Krismasi yake ya mwisho alininyooshea kipande cha makaa.

"Nabwire, mwaka huu wewe ndiyo utachora mama yako. Mimi nitasimama hapa nikuangalie."

"Aa, Mwalimu, si wewe upo? Mimi nitaharibu."

"Haribu. Tutafuta, uanze tena."

Nilikataa. Niliona haya, na nikuambie kweli, ulikuwa pia uvivu. Akachora yeye. Kabla Krismasi nyingine haijafika kifua kikamlaza, na hakuinuka tena.

Basi turudi asubuhi ile. Kwetu nyumba inayongoja wageni wa matanga husiribwa, ni heshima ya marehemu. Nilipoingia niliwakuta wanawake, mikono imejaa udongo mpaka kwenye viwiko, wakiongozwa na Senge Taaka, dada yake Mwalimu. Senge ndiye shangazi kwa lugha yetu. Ukuta wa upande wa mlango ulikuwa umeshafunikwa wote. Sasa walikuwa wanamkaribia mama yangu.

"Wacheni! Wacheni hiyo ukuta! Nyinyi hamna akili?"

Senge Taaka aligeuka polepole. "Wewe msichana, unatutukana kwa matanga ya ndugu yangu?"

"Huyo ni mama yangu! Nani atamchora tena? Nani?"

Mama Nerima akatoka chumbani, macho yamevimba kwa kulia. Nilidhani atanionea huruma, awatoe nje. Wapi! Alinishika mkono, akanikalisha.

"Nabwire, hawa mama wametoka mbali, wengine huko Amukura, wamekuja kunisaidia kulia. Huwezi waambia hawana akili. Hii ukuta itasiribwa. Mzee wangu hajawahi kunikataza, hata picha iwe nzuri namna gani. Alikuwa anasema anachora ndiyo watoto wajue kuchora. Sasa niambie, alikufundisha ama hakukufundisha?"

"Alinifundisha."

"Basi chora. Sisi tutangoja."

Akanipa karatasi ya mfuko wa simiti na makaa kutoka jikoni. Wanawake wakatua ndoo zao, wakasimama, udongo ukiwakaukia mikononi, na huko nje wageni wameanza kufika. Nilichora shingo, ikaenda kombo, nikaanza kulia. Aliyeinama kwanza begani pangu alikuwa Senge Taaka, yule yule niliyemtukana.

"Mama yako hakuwa na shingo mrefu hivyo. Mimi nilikuwa nanunua njugu kwake. Rudisha chini."

"Na leso alikuwa anafungia kando," akasema mwingine.

"Na akicheka alikuwa anafunga jicho moja. Si mnakumbuka?"

Wakaanza kucheka, ndani ya nyumba ya msiba, na Mama Nerima akacheka pamoja nao huku machozi yakimtiririka. Picha yangu haikuufikia mkono wa Mwalimu. Sikio moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Lakini alikuwa mama, na lile jicho lililofumba kwa kicheko halikuwamo ukutani. Walinipa wao.

Nilipomaliza, Mama Nerima alichota udongo ndooni, akanitilia kiganjani.

"Sasa siriba."

Nikaanza na kikapu cha njugu, nikapanda mabegani, uso nikauacha mwisho. Udongo ulikuwa baridi. Nilimfunika mama kwa mkono wangu mwenyewe, nikilia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha. Wageni waliikuta nyumba safi.

Mwanangu, anayekupenda akikunyooshea kazi yake, ipokee yeye akiwa hai, hata kama utaiharibu. Usijibweteke kwa kuwa yeye yupo. Mwalimu uliyempenda haitoshi kumlilia na kumsifu. Fanya alichokufundisha, na ufanye vibaya mpaka kije vizuri. Na siku ya uchungu wako, usiwagombeze waliokuja kukushika mkono. Waulize. Kila mmoja amebeba kitu cha mtu wako ambacho wewe hukukiona.

Nenda, Mungu akuangalie. Akupe mwalimu asiyechoka na wewe, akupe majirani wa kukungoja unapojikwaa. Na ukifika umri wangu, akuletee mtoto wa mtu akae karibu nawe, na asikatae unapomwambia ajaribu.