Kikohozi cha Ambakisye

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi pale Mlowo, mama mmoja alipobisha mlango wa chumba changu akiwa na ndoo ya maharage kichwani. Alikuwa ametoka Ikinga, kule milimani Ileje, na miguu yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka karibu na magoti. Nilimwamkia, akaitikia, akatua ndoo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nimeambiwa wewe ndiye unayetunza kanda za bendi. Nimekuja kumsikia Ambakisye."

Nilifurahi. Nisamehe kwa kusema hivyo, lakini nilifurahi, maana nilijiona niko tayari kabisa kwa mgeni wa namna hiyo.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba tu, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba nikienda dukani nilinyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Kaka yangu Osia alipiga gitaa la besi katika bendi ya Vumbi Jekundu. Walikuwa vijana wanne wanaopiga roki, ule muziki wa magitaa yanayounguruma ambao walikuwa wameuzoea kwenye redio za ng'ambo ya mpaka. Mwimbaji wao alikuwa Ambakisye. Walifanyia mazoezi mchana katika ghala la kahawa msimu ulipokwisha, wakatundika magunia ukutani ili sauti isirudi.

Watu waliokuja kucheza hawakunijua. Mimi ndiye niliyebandika viraka kwenye suruali zao, nikatunza picha kwenye boksi la viatu, nikarekodi mazoezi kwa redio ya kaseti. Na mimi ndiye niliyeandika maneno ya nyimbo. Ambakisye hakuandika. Maneno yalimjia amesimama, gitaa begani, na ilibidi yadakwe hapohapo.

Shida ni kwamba naandika polepole. Mpaka leo ni hivyohivyo, hata ukurasa huu umenichukua siku tatu. Vijana walinitania kwelikweli. Mpiga ngoma alikuwa akisema, "Karani, mpaka ufike kwenye kiitikio mahindi yatakuwa yameiva!" Wengine wanacheka, mimi nainamisha kichwa mpaka pua inagusa daftari. Ambakisye peke yake hakucheka. Alikuwa akiwaambia, "Subirini, Tusekile anaandika." Kisha anakaa juu ya gunia na kungoja.

Kanda zilikuwa adimu, tulizifuata mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu wangu. Kila Jumamosi nilisikiliza mazoezi ya wiki nzima, nikahamisha nyimbo zilizotoka vizuri kwenye kanda safi, kisha zile nyingine nikarekodia tena juu yake. Mazungumzo, vicheko, mtu kukosea na kuanza upya, vyote vilifutika. Ambakisye alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema neno lolote. Kikohozi hicho nilikikata kila nilipokikuta, kwa uangalifu kama mtu anayechambua mchele. Hakuna aliyenituma. Nilitaka tu siku moja mtu akija, asikie bendi yetu ikiwa safi.

Ambakisye alifariki kwa homa ya siku chache, kabla hata mazoezi hayajasimama. Bendi ikanyamaza. Na miezi minne baadaye, ndiyo akaja yule mama mwenye ndoo ya maharage, mama yake mzazi.

Nikamkalisha kitini, nikaweka kanda niliyoipenda kuliko zote. Sauti ya Ambakisye ikajaa chumba, kali, haina doa. Mama akasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mikono mapajani. Nikawa namwangalia usoni, nikisubiri. Uso wake haukubadilika.

"Anaimba vizuri," akasema mwishowe. "Sasa niwekee anapoongea."

"Anapoongea, mama?"

"Ndiyo. Huyu anayeimba mnamjua ninyi na watu wa Mlowo wote. Mimi hakuwahi kuniimbia. Akifika nyumbani alikuwa anakohoa pale mlangoni, halafu ndipo anaamkia. Mimi nilijua ni yeye kabla hajasema. Sasa nimeanza kusahau kikohozi hicho kilivyokuwa, na hilo ndilo lililonitoa nyumbani."

Mwanangu, nilizima redio. Nikamwambia ukweli, kwamba vyote nilivifuta kwa mkono wangu, nikidhani ni uchafu. Nilingoja anikaripie. Akasema tu, "Binti, ulikuwa unamsafisha ili awapendeze wageni. Sisi wa nyumbani hukutukumbuka."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

Alilala kwetu. Asubuhi nikamwaga kanda zote mkekani, nikaanza kusikiliza moja moja, yeye pembeni yangu akichambua maharage. Wimbo, wimbo, wimbo. Kila nilipotarajia neno, nilikuta nimeshalifuta kwa mkono wangu. Ilipofika saa sita Osia akaja kutusalimia, akaniona machozi yananitoka.

"Ile mbovu umeisikiliza?" akauliza.

Ipo kanda moja niliyokuwa nimeitupa chini kabisa ya boksi. Unajua kanda ina vijino viwili vidogo kwa juu. Vikivunjwa, redio haikubali tena kurekodi juu yake. Hiyo niliikuta imevunjwa vyote viwili, nikakasirika sana, nikasema kuna mtu ameniharibia.

"Ambakisye ndiye aliyevunja," Osia akasema. "Alituambia, siku ile wimbo ulizaliwa, na Karani atakuja kuona ni kelele tu."

Nikairudisha mwanzo kwa kuizungusha na kalamu, maana betri zilikuwa zimechoka. Nikaiweka redioni. Kwanza ukaja mkwaruzo wa magunia. Kisha akakohoa.

Mama akaitika. Aliitika kwa Kindali, lugha ya kwao, haraka, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni. Kisha akajishika mdomo.

Redioni mpiga ngoma alikuwa ameshaanza maneno yake ya mahindi. "Muacheni," Ambakisye akasema. "Subirini, Tusekile anaandika. Wimbo hauendi popote." Baada ya hapo kukawa kimya, kimya kirefu mno, kwa sababu ya uvivu wa mkono wangu. Lakini ndani ya kimya hicho alikuwa anapumua. Alikuwa anagongagonga gitaa kwa kidole. Akakohoa tena. "Umemaliza?" "Bado." "Haya, hatuna haraka."

Mama alisogeza kiti mpaka sikio likagusa redio. Tulisikiliza mara sita, na nyimbo hakuziulizia tena. Nilitaka kumpa ile kanda aondoke nayo, akakataa. "Kwangu hakuna redio. Kaa nayo, nitakuwa nakuja." Na alikuja, kila baada ya kuvuna maharage, mpaka miguu ilipomkatalia. Mwaka huo mimi ndiye niliyepanda basi kumfuata Ikinga, na redio mapajani.

Sasa nakuona wewe na simu yako. Ikijaa unafuta, na unaanza na ile sauti ya baba yako aliyokutumia akiuliza kama umekula. Picha uliyopendeza unaibakiza. Mwanangu, nakusihi: usiwe mwepesi wa kufuta watu wako wakiwa wa kawaida. Mrekodi mama akiwa anafukuza kuku. Mwache bibi akosee hadithi na kuanza upya. Ukiona kitu hakina maana, kiache hata mwaka mmoja, huenda mwenye kukihitaji bado yuko njiani. Na kama wewe ni mzito wa kuandika au wa kusema, kama nilivyokuwa mimi, usione aibu. Wakati ule niliokuwa nawachelewesha wenzangu ndio pekee uliombakiza Ambakisye akiwa hai mbele ya mama yake.

Mungu akupe watu wa kukusubiri ukiwa bado hujamaliza. Na siku utakayorudi nyumbani ukakohoa mlangoni, amweke ndani mtu wa kukuitikia.